Meli Inayowahesabu Watoto

Wifi yangu anaishi Hamburg na ni mtu wa mipango. Juni mwaka jana, mama mkwe akiwa anakaribia kutimiza miaka 70, wifi alituma ujumbe kwenye kundi la familia: Oktoba tupande meli wote, siku saba, Bahari ya Mediterania, na yeye atachangia nusu ya gharama. Kundi likajaa mioyo na makofi. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wa pili, huu wa kwangu peke yangu: "Wifi, wewe ni mwandishi wa habari, kuchimba mambo ndiyo kazi yako. Tuchagulie meli. Ila kumbuka una watoto wadogo."

Kama ningeweza kusahau. Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu, umri wa kukataa viatu. Mdogo wake, wa kiume, alikuwa na miezi mitano. Nikakubali kazi, nikafungua daftari jipya, na kwa karibu mwezi mzima nikawa mtu wa kusoma habari za meli usiku, mtoto mmoja akinyonya na mwingine akinilalia mguu.

Shida ya kwanza ilikuwa ya lugha. Nilipompigia mama yangu Bukoba kumweleza, nilikosa neno. Tunazo meli, boti, jahazi, mashua, mtumbwi, kivuko, pantoni, na vyote hivyo sifa yake ni moja: vinakutoa hapa, vinakupeleka pale. Sasa unaielezaje meli ambayo watu hupanda ili wawe ndani yake tu?

"Mnakwenda wapi?" mama akauliza.

"Tunaanzia Barcelona, tunapita Marseille, Genova, Napoli, halafu tunarudi Barcelona."

"Yaani mnarudi mlikotoka?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnalipa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo siku ile sikulielewa: "Na watoto wataandikwa?"

Nikadhani anaulizia tiketi. Nikamjibu wataandikwa mama, usijali, tukahamia habari za migomba.

Wacha nieleze kwanza nilichokipata kwenye daftari, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye naye ana wifi wa namna hii, au ana akiba yake na anajiuliza kama inawezekana. Inawezekana. Ila mtoto mdogo hubadilisha karibu kila swali.

La kwanza ni umri. Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi sita siku ya kupanda. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, na zile zenye siku nyingi mfululizo bila kugusa nchi kavu, umri hupanda hadi miezi 12. Sababu si roho mbaya. Melini kuna zahanati na daktari, lakini hakuna wodi ya watoto, na homa ya kichanga haisubiri bandari. Wangu angekuwa na miezi tisa Oktoba. Hapo tulipita.

La pili ni nani atamshika mtoto. Sisi wa Dar tumezoea dada wa nyumbani, na nilijikuta nikiliwaza hilo kwa umakini kabisa hadi nilipopiga hesabu: dada naye anahitaji pasipoti, viza, ndege na nauli kamili ya meli. Basi ukabaki huduma wa meli yenyewe. Picha zinaonyesha watoto wamepakwa rangi usoni wakirukaruka kwenye vyumba vya michezo, lakini ukisoma chini ya picha, vyumba vingi hivyo vinaanzia miaka mitatu, na mtoto awe ameshaacha pampasi. Oktoba binti yangu angekuwa amebakiza miezi miwili kufikisha mitatu. Kwa walio chini ya hapo, Disney wana chumba cha kulelea watoto kuanzia miezi sita, unalipia kwa saa. Royal Caribbean wanacho kwenye baadhi ya meli zao, nako ni kwa saa. MSC nao wana chumba cha walio chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni meli hii, kwa jina lake, inapokea mtoto wa umri gani, saa ngapi, na kwa bei gani. Ukiuliza tu kama kampuni ina huduma ya watoto, kila kampuni itakujibu inayo.

La tatu ni bwawa. Meli hizi huuza maji ya buluu kuliko kitu kingine chochote, lakini mtoto anayevaa pampasi haingii bwawani, hata kama ni ile pampasi maalumu ya kuogelea. Ni kanuni ya afya. Baadhi ya meli zina kijisehemu cha maji ya kurukaruka kilichotengwa kwa ajili yao, nyingine hazina. Yaani unaweza kulipa mamilioni, ukakaa kando ya bwawa siku saba ukimzuia mtoto asiguse maji.

La nne ni chumba. Meli huyumba zaidi mbele, nyuma na juu, na hutulia zaidi katikati na chini, kwa hiyo anayeogopa kulevywa na mawimbi achague huko. Lakini chumba cha chini cha bei nafuu mara nyingi hakina dirisha, na watoto wangu hulala saa mbili usiku. Saa mbili ikifika, wazazi mnafanya nini ndani ya chumba kimoja chenye giza? Mmoja wa wasafiri niliosoma maelezo yao aliandika kwamba yeye na mkewe walimalizia jioni zao zote chooni, wakinong'ona. Ndiyo maana wenye watoto hulipia kibaraza: wakikaa nje, watoto walale ndani. Na nauli yenyewe huhesabiwa kwa kichwa. Wawili wa kwanza chumbani hulipa kamili, wa tatu na wa nne hulipa pungufu, lakini hata mtoto wa miezi tisa ana cha kulipa, walau ushuru wa bandari.

La tano ni viza, na hapa vijarida vya Ulaya vinakaa kimya kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto chini ya miaka sita halipii, lakini fomu yake ijazwe, pasipoti yake iwepo, na picha yake ipigwe akiwa anatazama mbele macho wazi, kazi ambayo ilituchukua asubuhi nzima pale studio. Na kama meli itatoka nje ya eneo hilo, mathalani kwenda Tunis halafu irudi, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Vinginevyo utatoka vizuri, na kurudi kutakuwa habari nyingine.

Nilipofika hapo daftari lilikuwa limejaa, na kwa kweli nilikuwa naanza kufurahia. Kisha nikafika kwenye sehemu ya usalama.

Usalama haumo kwenye vijarida. Kuna mstari mmoja tu unaosema utashiriki zoezi la dharura. Nikatafuta mstari huo unatoka wapi, na ndipo nikakutana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao kwa kifupi huitwa SOLAS. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama 1912. Si maandishi ya kusomwa kitandani. Lakini kuna vipengele viwili nilivyovisoma mara tatu.

Cha kwanza ni cha majaketi ya kujiokolea. Mkataba unagawa watu mara tatu: mtu mzima, mtoto, na kichanga. Jaketi la kichanga ni la mtoto aliye chini ya kilo 15 na chini ya sentimita 100, na kwa safari ya saa 24 au zaidi, kila kichanga aliyemo melini lazima awe na la kwake. Wangu alikuwa na kilo saba. Nilimwangalia alivyolala nikawaza kwamba kuna kikao, mahali fulani, ambako watu wazima wenye suti walikaa wakajadili ukubwa wa kifua chake.

Cha pili ni cha kuhesabu. Watu wote waliomo melini wahesabiwe kabla ya kuondoka. Na yaandikwe majina, jinsia, na kila mmoja ionyeshwe kama ni mtu mzima, mtoto au kichanga. Orodha hiyo ibaki nchi kavu, mahali ambapo waokoaji wataipata.

Hapo ndipo nikaelewa mama aliniuliza nini.

Nilikuwa na miaka sita, Bukoba, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ninachokumbuka ni redio. Majirani walikaa uani kwetu kuizunguka, wakubwa kwenye viti na mikeka, na sisi watoto tulifukuzwa kila tulipopiga kelele. Siku zilizofuata kulikuwa na misiba mitaa yote, na misiba mingine haikuwa na mwili wa kuzika. Baadaye, nilipokuwa mwandishi, nilisoma kuhusu ajali ile kama wengi walivyosoma: meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, iliyokuwa na orodha ya majina ya daraja la kwanza na la pili yenye watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Ndiyo sababu hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna mbili. Wengine huandika 800 na zaidi. Wengine huandika 1,000. Nimewahi kuandika mwenyewe "kati ya 800 na 1,000" kwenye makala ya kumbukumbu, mhariri akapitisha, gazeti likatoka. Sikuwahi kutulia nikaitazama ile tofauti. Mia mbili ni watu. Ni wauza ndizi, ni wanafunzi, na kwa hakika ni watoto waliobebwa mgongoni kwa mbeleko, maana daraja la tatu ndilo la wenye watoto na mizigo.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228 na waliookolewa ni 41. Siku zile zote za uokoaji nchi nzima tulikuwa tunauliza swali lile lile: walikuwemo wangapi?

Mama hajapanda meli tangu 1996. Akija Mwanza anapanda basi. Lakini miaka yote hiyo basi nalo lilikuwa linaingia kwenye kivuko pale Busisi, kwa hiyo maji hakuyakwepa. Alichokuwa akifanya ni kushuka kwenye basi, kusimama ukingoni karibu na maboya, na kufumba macho hadi upande wa pili. Sasa daraja la Kigongo–Busisi lipo, limefunguliwa Juni 2025, na aliniambia siku alipolivuka mara ya kwanza alifumba macho vilevile, kwa mazoea. Ndege nayo ameikataa tangu ile ya Novemba 2022 ilipoangukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, wakafa 19 kati ya 43. Mtu wa Bukoba hana njia ya kwenda nyumbani ambayo haina kumbukumbu ya maji.

Lakini swali lake halikuwa "meli ni salama?" Angeuliza hivyo ningemjibu kwa tani na urefu na idadi ya mashua za kuokolea. Aliuliza kama watoto wataandikwa. Nikaanza kuwaza ni mara ngapi watoto wangu wamesafiri bila kuandikwa.

Unajua inavyokuwa. Unafika getini, una mtoto kiunoni. Mkaguzi anamshika mtoto shavu, anacheka naye, anasema, "Huyu anapita bure." Kwenye basi ni hivyo, kwenye boti nyingine ni hivyo. Nimeishi na ukarimu huo na ninaupenda. Ni heshima kwa mtoto na ni nafuu kwa mfuko wa mama. Ila kuna kitu ndani ya neno lile "bure" ambacho nilikuwa sijakiona: anayepita bure mara nyingi hapiti kwenye kitabu. Tumezoea kuandika fedha, na asiyeleta fedha haandikwi. Hatukukusudia ubaya. Lakini siku ya ubaya, kitabu ndicho kitakachoulizwa.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba meli za Wazungu hazizami. Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Abiria waliokuwa wamepanda jioni ile Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni ikabadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi linafanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kila mstari wa mkataba ule una watu waliokufa nyuma yake. Kinachotofautisha ni kama mtu alikaa baadaye akaandika mstari, na mwingine akausimamia.

Na wala si chuma. Kwenye kuchimba kwangu nilikutana na jambo lililonifanya nimwamshe mume wangu usiku. Kuna karakana ya meli katika mji wa Papenburg, Ujerumani, inaitwa Meyer Werft. Hapo ndipo ilipojengwa Disney Dream, meli iliyoanza safari mwaka 2011, mojawapo ya zile nilizokuwa nasoma habari zake. Na karakana hiyohiyo, mwaka 1913, ilijenga meli ikaitwa Graf von Goetzen, ikaifungua vipandevipande, ikavipakia kuja Dar es Salaam, vikapanda treni hadi Kigoma, vikaungwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina tunalolijua: Liemba. Mikono ya karakana moja. Moja imejengwa ili mtoto wa Florida ateleze kwenye bomba la maji, nyingine ikawa ya kubeba dagaa, mananasi na mama wenye watoto mgongoni.

"Kwa hiyo tunapanda ipi?" mume wangu akauliza, macho hayajafunguka.

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Nilimwandikia wifi ripoti ndefu, kama nilivyoombwa. Meli niliyompendekezea ilikuwa nzuri: chumba cha watoto kuanzia miezi sita, kisehemu cha maji kwa wa pampasi, vyumba vya kibaraza katikati ya meli, na watoto huvalishwa bangili yenye namba ya kituo chao cha kukusanyika ikitokea dharura. Kisha nikamwambia sisi wanne tusiwekwe kwenye hesabu. Siku saba, kwa watoto ambao Oktoba wasingeruhusiwa bwawani wala chumba cha michezo, kwa fedha zile, zingekuwa siku za kumkimbiza mtoto kwenye korido. Wapande wao na mama mkwe. Sisi tungojee miaka miwili, mdogo awe ameacha pampasi na dada yake ajue kusema "nasikia kichefuchefu" kabla, si baada. Na tutakapoenda, tuanze na siku nne.

Wifi alininunia. Wiki mbili hakujibu kitu, na kwenye kundi la familia alikuwa akiweka picha za watu wengine. Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. Alisema kwenye ujumbe wa sauti, akiwa na kuku nyuma yake, kwamba yeye akipewa nafasi ya kuchagua angechagua kukaa na wajukuu uani, lakini kwa kuwa mwanawe ameshatamani, ataenda. Alienda. Alirudi na kofia na malalamiko kuhusu chai.

Lakini swali la mama yangu lilibaki na mimi, kwa sababu Desemba tulikuwa tunakwenda Bukoba. Na njia niliyotaka ilikuwa meli ya usiku kutoka Mwanza.

Nitakupa sababu zangu. Basi kutoka Mwanza ni mchana mzima na mtoto wa miezi 11 mapajani. Melini kuna kitanda, kuna mahali pa kutembea, mtoto analala Mwanza anaamka Bukoba. Hizo ndizo sababu za daftari. Ya pili sikuiandika: binti yangu alikuwa ameanza kumwiga bibi yake kufumba macho kwenye pantoni ya Kigamboni. Alidhani ni mchezo. Nilitaka aijue ile hofu kama historia, asiirithi kama tabia.

Nikachukua maswali yaleyale ya Mediterania nikayapunguza yakawa matano. Meli inaruhusiwa kubeba abiria wangapi, na usiku huu imeuza tiketi ngapi? Majaketi ya watoto yako wapi, na naweza kuyaona kwa macho? Chumba chetu kiko upande gani, na ngazi ya kutokea iko wapi? Nani ataniambia cha kufanya kukitokea jambo, na ataniambia kabla hatujaondoka? Na watoto wangu wameandikwa?

Si maswali ya kujidai. Niliyauliza kwa salamu na kwa utulivu, kama unavyouliza nauli. Nimegundua watu wa vyombo vya majini hawakasiriki ukiwauliza, wengi wao hufurahi kwamba kuna mtu anajali. Baharia mmoja alitutembeza mwenyewe, akamfunga binti yangu jaketi, akamfundisha kupuliza filimbi yake. Filimbi hiyo tuliijutia hadi usiku.

Kuhusu kichanga sikutaka kubahatisha. Nilimwandikia wifi, ukiwa ujumbe wa kwanza tangu aninunie, nikamwambia uzito wa mtoto na nikamwomba jaketi la kilo zake. Hakujibu kwa maneno. Baada ya siku kumi mtu aliyekuwa anarudi kutoka Hamburg alinipigia simu kwamba ana mzigo wangu. Ndani yake kulikuwa na majaketi mawili ya rangi ya chungwa, moja dogo kama mkoba, lenye kola ya kuinua kichwa na mshipi wa kupita katikati ya miguu. Juu yake kikaratasi: "La pili ni la yule wa viatu."

Pale dirishani nilitoa tiketi zetu. Yule kijana akaandika jina la mume wangu, langu, la binti. Akamtazama wa mgongoni.

"Huyu bado hajafika umri wa kulipa, dada."

"Najua kaka. Naomba tu aandikwe."

Akanitazama. Alikuwa kijana, huenda hakuwa amezaliwa mwaka 1996. Akavuta karatasi, akauliza, "Jina?" Nikamtajia yote matatu, la mwisho nikalirudia herufi kwa herufi. "Umri?" Nikasema miezi 11. Akaandika, akaigeuza karatasi ili nione kama amepatia.

Mama alipiga simu saa tatu usiku, tukiwa tumeshaondoka, taa za Mwanza zimebaki kama makaa nyuma yetu. Hakuuliza ziwa likoje.

"Wameandikwa?"

"Wameandikwa mama, wote wawili. Nimeyaona majina yao kwa macho yangu."

Nikasikia akivuta pumzi. Halafu akasema kuna senene, amewatoa mabawa mwenyewe, na kwamba bandarini hatakuja, atamtuma mdogo wangu na gari.

"Sawa mama."

"Haya, laleni."

Watoto walilala. Mimi nilikaa kitandani, jaketi dogo likiwa limening'inia kwenye msumari karibu na kichwa cha mwanangu, nikisikiliza injini mpaka kulipopambazuka.